Stika ya bima au kadi ya merikebu? Njia mbili za kufuata pesa ya biashara ya watumwa

Kila gari linalopita barabarani lina karatasi mbili nyuma yake. Moja ni bima, ambayo zamani ilibandikwa kiooni na siku hizi trafiki anaikagua kwenye simu. Nyingine ni kadi, imefungiwa kabatini kwa mtu ambaye abiria hawajawahi kumwona. Dereva siye, konda siye. Bima inakueleza tajiri anaogopa nini. Kadi inakueleza tajiri ni nani.

Nimeanza na magari kwa sababu wanafunzi wa historia wakinijia wakitaka kuandika juu ya pesa za biashara ya watumwa wa Atlantiki, huwa wanasimama kwenye njia panda hiyohiyo. Kuna wanaotaka kufuata bima ya baharini, na kuna wanaotaka kufuata wafanyabiashara waliomiliki merikebu. Wanadhani ni mlango mmoja wenye majina mawili, kumbe ni milango miwili, na nyuma ya kila mmoja kuna kazi ya aina yake, gharama yake na lugha yake.

Msimamo wangu nautoa mapema: kama ndiyo unaanza, shika umiliki. Lakini wengi hufika wakiwa wameshachagua bima, na kilichowavuta ni kisa kimoja tu. Kwa hiyo tuanze na hicho.

Bima

Lloyd's ya London ilianza kama mkahawa wa kahawa wa mtu aitwaye Edward Lloyd, unaotajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1688. Mabaharia na wafanyabiashara walikutana pale kupeana habari za vyombo. Aliyetaka kukatia bima merikebu yake alimwendea dalali, dalali akaandika hati na kuizungusha. Kila tajiri aliyekubali kubeba sehemu ya hatari aliandika jina lake chini ya hati pamoja na kiasi atakacholipa mambo yakiharibika: huyu pauni 100, yule 200, mpaka thamani yote ijae. Ukiiangalia kwa mbali utadhani ni daftari la michango ya harusi, isipokuwa hapa walioandika majina walilipwa ada kwanza, na walitoa chochote pale tu bahari ilipokataa.

Maneno ya hati hiyo yalikuwa ya kawaida, na mwaka 1779 Lloyd's ikayafanya kuwa muundo wake rasmi: hatari za bahari, moto, maadui, maharamia, wezi, na shehena inayotoswa majini ili kuokoa chombo. Yalitungwa kwa ajili ya marobota ya kitambaa na mapipa ya divai. Watu waliofungwa minyororo waliingizwa ndani ya maneno hayohayo.

Sasa kisa chenyewe, cha merikebu ya watumwa iitwayo Zong. Iliondoka Accra tarehe 18 Agosti 1781 ikiwa na Waafrika 442, chini ya nahodha Luke Collingwood, aliyezoea kusafiri kama mganga wa merikebu kuliko kama nahodha. Walipofika Karibi waliiona Jamaica wakaidhania ni kisiwa kingine, wakaipita. Kuanzia tarehe 29 Novemba wakaanza kutosa watu baharini kwa mafungu, wanawake na watoto kwanza. Hesabu inayotajwa zaidi ni watu 132. Merikebu ilitia nanga Black River, Jamaica, tarehe 22 Desemba ikiwa na watu 208.

Wenye Zong wakaenda kudai bima, pauni 30 kwa kichwa. Piga hesabu: 132 mara 30 ni pauni 3,960. Sababu waliyoitoa ni kwamba maji yalikuwa yanakwisha, hivyo ilibidi watose baadhi ili kuokoa waliobaki. Ila mvua ilinyesha siku hizohizo, na walipofika Jamaica walikuwa bado na galoni 420 za maji.

Kwa nini watose watu walio hai badala ya kusubiri wafe? Hapa ndipo bima inapokuwa na thamani kwa mtafiti, maana jibu limo kwenye kanuni zake. Mwongozo wa bima uliochapishwa London mwaka uleule wa 1781 unaeleza kwamba mtoa bima halipii kifo cha kawaida cha mtumwa. Na kifo cha kawaida kikahesabiwa kuwa cha ugonjwa, hata cha mtu aliyejiua kwa kukata tamaa, jambo ambalo mwongozo huo unakiri lilitokea mara nyingi. Lakini watumwa wakiuawa au kutoswa ili kuzima uasi wao, mtoa bima alipe. Yaani aliyefia chini ya sitaha kwa kuhara damu ni hasara ya mwenye merikebu. Aliyetoswa kwa kile kilichoitwa dharura ni hasara ya mtu mwingine, aliyekaa London akinywa kahawa.

Watoa bima walikataa kulipa. Machi 1783 jopo la juri, yaani raia walioapishwa kuamua kesi, likawapa ushindi wenye merikebu. Mei mwaka huohuo watoa bima wakaomba kesi isikilizwe upya, na Jaji Mkuu Mansfield akasema wazi kwamba mbele ya juri suala lilikuwa sawasawa na farasi kutoswa baharini. Akaruhusu kesi isikilizwe tena, lakini hakuna ushahidi kwamba ilisikilizwa. Olaudah Equiano, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa, ndiye aliyempelekea Granville Sharp, Mwingereza mpinga utumwa, habari hizo, na Sharp akahangaika kutaka watu washtakiwe kwa mauaji. Hakushtakiwa mtu. Jina la shauri likabaki la madai ya fedha: Gregson (wa wenye merikebu) dhidi ya Gilbert (wa watoa bima).

Ukitaka kuona kanuni ile ikifanya kazi kwa ukaribu zaidi, iache Zong usome kesi ya Jones dhidi ya Schmoll ya mwaka 1785. Watumwa waliasi, mabaharia wakafyatua risasi. Swali la mahakama: kati ya waliokufa, nani alipiwe? Juri wakakaa wakawapanga marehemu kwa mafungu. Waliouawa katika uasi, walipiwe. Waliokufa baadaye kwa majeraha, walipiwe. Waliokunywa maji ya chumvi, waliojirusha na kuning'inia ubavuni mwa merikebu bila kujeruhiwa, na waliokufa kwa huzuni kwa sababu uasi umeshindwa, wasilipiwe. Nimeisoma kesi hii mara nyingi, na kila mara nasimama hapo penye huzuni. Watu kumi na wawili waliapishwa, wakajadili kama huzuni ni hatari ya bahari.

Bunge la Uingereza lilianza kubana mambo haya kwa sheria za kati ya 1788 na 1794, ikiwemo kukataza fidia kwa watumwa waliotoswa. Mwaka 1796, katika kesi ya Tatham dhidi ya Hodgson, safari ilichelewa hata chakula kikaisha na watu 128 kati ya 168 wakafa kwa njaa. Mwenye merikebu akasema hiyo ni hatari ya bahari, kwa kuwa bahari ndiyo iliyomchelewesha. Mahakama ikakataa.

Sasa udhaifu, na si mdogo. Bima husema pale tu watu wanapogombana. Safari iliyokwenda vizuri kwa mwenyewe, watu wakauzwa na ada ikaliwa, huenda isiache alama yoyote upande huu. Juu ya hilo, jengo la Royal Exchange, lililokuwa makao ya Lloyd's, liliungua Januari 1838 pamoja na nyaraka nyingi. Hati zilizobaki zimetawanyika katika makabrasha ya familia na ya mawakili, na watoa bima wenyewe ni vigumu kuwatambua mmojammoja. Hata kwenye Zong, upande wa bima wengi tunaujua kwa jina moja tu, Gilbert. Wale wa upande wa pili tunawajua mpaka wakwe zao.

Umiliki

Wale wa upande wa pili walikuwa ubia wa Liverpool: William Gregson, wanawe John na James, mkwewe George Case, pamoja na Edward Wilson na James Aspinall. William aliwahi kuwa meya wa mji huo mwaka 1762, na Case naye akakikalia kiti hicho. Zong ilikuwa merikebu ya Waholanzi iliyotekwa na Waingereza Februari 1781. Nahodha wa merikebu nyingine ya ubia huo aliinunua kwa niaba yao ikiwa pwani ya Afrika, na ndani yake kulikuwa tayari na watu 244. Wakanunuliwa pamoja na matanga na nanga.

Huwezi kuyajua haya kwa kusoma kesi ya bima peke yake. Tena ukiendelea kumfuata Gregson utakuta aliwekeza katika safari zaidi ya 150 za kubeba watumwa. Kwa anayesoma kesi, Zong ni kioja. Kwa anayefuata umiliki, ni mstari mmoja katika daftari refu la mtu aliyeheshimika kanisani na barazani. Sababu kubwa ya kuwasukuma wanafunzi upande huu ni hiyo.

Merikebu moja ilimilikiwa kwa mafungu, nusu huku, robo kule, hata sehemu moja kati ya 32. Hakuna aliyetaka kuweka mayai yake yote kwenye chombo kimoja kinachoweza kuzama, na kugawana hisa kulikuwa aina ya bima kabla ya bima. Mbia mmoja alisimamia shughuli zote: kununua shehena, kuajiri nahodha, kumwandikia barua ya maagizo. Wengine walitoa pesa tu wakasubiri gawio. Nahodha naye mara nyingi aliruhusiwa kuuza watumwa wachache kwa faida yake, ili maslahi yake yafungamane na ya matajiri. Anayeijua biashara ya daladala, na mambo ya hesabu ya tajiri na posho ya dereva, hahitaji kuelezwa zaidi.

Ugawaji huo umeacha karatasi nyingi ajabu, maana kila mbia alitaka kuona hesabu. Uingereza ilidai wenye vyombo waandikishwe kwa majina, na sheria ya usajili ya mwaka 1786 ikakaza zaidi. Uholanzi, kampuni ya MCC ya Middelburg, iliyoanzishwa mwaka 1720, iliendesha safari 113 za pembetatu za watumwa (Ulaya, Afrika, Amerika, kisha kurudi), na nyaraka zake zimehifadhiwa vizuri kiasi kwamba UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2011. Kiholanzi tu ndicho kitakutoa jasho.

Kwa anayetaka kuanza leo na bando la kawaida, ipo hifadhidata ya SlaveVoyages. Ni bure, ina safari zaidi ya 36,000 za Atlantiki, na kuna safu ya majina ya wenye merikebu. Andika Gregson, subiri, halafu hesabu. Jihadhari na mambo mawili: jina linaweza kuandikwa kwa namna tatu nne, na hifadhidata haikuonyeshi nani alikuwa na robo na nani alikuwa na sehemu ya 16.

Daftari ninalopendekeza kwa kila mtu ni la Sally. Merikebu hii ilikuwa mali ya ndugu wanne wa Providence, Rhode Island: Nicholas, Joseph, John na Moses Brown. Iliondoka Septemba 1764 chini ya nahodha Esek Hopkins, ambaye miaka kumi na moja baadaye angekuwa mkuu wa kwanza wa jeshi la majini la makoloni yaliyoasi Uingereza. Hopkins alinunua watu 196 pwani ya Afrika Magharibi, na wasiopungua 109 walikufa. Daftari lake la hesabu bado lipo, na kurasa zake zimewekwa mtandaoni. Rum, pombe waliyonunulia watu, inatoka kwa galoni, watu wanaingia mmojammoja, kisha vifo vinaanza. Mwanamke amejinyonga kati ya sitaha. Tarehe 28 Agosti 1765 wakaasi, wanane wakauawa. Mwandiko haubadiliki, na mistari ya vifo haitofautiani na mistari ya rum.

Sasa liweke daftari hilo kando ya kesi ya Jones dhidi ya Schmoll, uasi kwa uasi, uone tofauti ninayoizungumzia. Bima inauliza mtu huyu amekufaje, kwa sababu jibu ndilo linaloamua nani alipe. Kwa hiyo mahakamani utakuta risasi, jeraha, maji ya chumvi, huzuni. Daftari la mwenye merikebu linauliza wamebaki wangapi. Aliyejinyonga na aliyepigwa risasi wote wanatolewa kwenye jumla ileile. Ukitaka kujua watu hao walikufaje, karatasi za bima zina maelezo mengi kuliko za umiliki, ingawa maelezo hayo yametolewa na watu waliokuwa na sababu zote za kusema uongo.

Umiliki nao una mitego. Wa kwanza ni kuchanganya aliyemiliki merikebu na aliyemiliki watumwa shambani. Uingereza ilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833 ilitenga fidia ya pauni milioni 20 kwa waliokuwa na watumwa, na orodha ya waliolipwa inatafutwa mtandaoni kwa urahisi. Ni orodha nzuri, ila ni ya mashamba. Wenye merikebu za watumwa za Uingereza walikuwa wamefungiwa biashara tangu sheria ya 1807. Mtego wa pili ni wa baada ya marufuku hizo: merikebu zikaanza kupeperusha bendera ya nchi nyingine na kubeba hati za mmiliki wa jina tu. Ukichagua karne ya 19, jiandae kwa kadi zenye majina ya watu ambao chombo hakikuwa chao.

Kuchagua

Kama swali lako ni la sheria, au unasoma sheria, nenda kwenye bima bila kusita. Kumbukumbu za kesi ni fupi, zimechapishwa, na utazimaliza kwa wiki moja. Zaidi ya Zong, tazama kesi za Creole. Mwaka 1841 Madison Washington aliongoza uasi ndani ya merikebu hiyo iliyokuwa ikitoka Virginia kwenda New Orleans kuuza watu, wakaipeleka Nassau, chini ya Waingereza, na walio wengi wakapata uhuru. Wauzaji wakazishtaki kampuni za bima huko Louisiana. Wakili mmojawapo wa kampuni hizo, Judah Benjamin, alijenga hoja kwamba mtumwa ni binadamu, ana hisia na akili, hivyo ni jambo la kutarajiwa akitafuta uhuru wake. Aliyasema hayo ili mteja wake asilipe. Baadaye akawa waziri katika serikali ya majimbo yaliyopigania utumwa ubaki.

Kama swali lako ni nani alitajirika na mali ikaenda wapi, ni umiliki, na andaa muhula mzima. Hapo pia kuna daraja la kuvukia upande wa pili. John Julius Angerstein alikuwa mtu mkubwa wa Lloyd's, na picha zake 38, zilizonunuliwa na serikali mwaka 1824 kwa pauni 57,000, ndizo zilizoanzisha National Gallery, jumba la picha la London. Wanafunzi wanaipenda mifano ya namna hii kwa kuwa jengo lipo na linaonekana. Naikubali kwa sharti moja: usiseme kila senti yake ilitoka kwenye merikebu za watumwa, kwa sababu hutaweza kuithibitisha.

Na kama unataka kisa kinachoigusa pwani yetu, utapata cha umiliki kwa urahisi kuliko cha bima. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piastre 20 (sarafu za fedha) kila mmoja. Mwaka 1794 merikebu ya Kireno São José iliwapakia zaidi ya watu 500 huko Msumbiji, wakiwemo Wamakua, kuwapeleka Maranhão, Brazili. Ikavunjikia kwenye miamba ya Cape Town tarehe 27 Desemba, na zaidi ya 200 wakafa maji. Walionusurika wakauzwa palepale Cape. Nahodha alikuwa ndugu wa mwenye merikebu, na maelezo aliyotoa baada ya ajali yalihifadhiwa Cape. Wazamiaji waliitambua São José kwa vipande vya chuma, vile vya farumi: watu ni wepesi kuliko bidhaa, na chombo kilichobeba watu kilihitaji uzito wa ziada chini ili kisiyumbe. Chuma hicho kimeorodheshwa katika hati ya shehena iliyoandikwa Lisbon kabla safari haijaanza.

Asiyeweza kuchagua kabisa namwelekeza Bristol, mji mdogo wa Rhode Island, kwa James DeWolf. Kwake milango yote miwili inafungukia sebule moja. Familia hiyo ilimiliki merikebu za watumwa, ikawa na kampuni yake ya bima, ikawa na benki yake, na shemeji ya James akateuliwa kuwa ofisa forodha wa bandari hiyohiyo zilimopita merikebu zao. DeWolf mwenyewe alifika mpaka Seneti ya Marekani mwaka 1821. Kabla ya hayo yote alikuwa nahodha. Mwaka 1789, akiwa kwenye merikebu Polly, mwanamke mmoja mtumwa alipata ndui. DeWolf akamfunga mwanamke huyo kwenye kiti, akafungwa kitambaa mdomoni asisikike, akashushwa baharini na kiti chake. Kwa ushahidi wa baharia John Cranston, nahodha alisema anasikitika kupoteza kiti kizuri kama kile.